Spika za Kariakoo na Dira ya Nahodha

Mwenye mashua anayetaka muziki chomboni mwake hapa Dar es Salaam haendi mbali. Kutoka Feri, mahali ambapo boti za wavuvi hutia nanga kando ya soko la samaki, hadi mitaa ya Uhuru, Aggrey na Msimbazi katika Kariakoo ni safari ya kilomita chache tu. Huko spika zimepangwa madukani toka sakafuni hadi darini: za gari, za sebuleni, za kumbi za harusi, na kila moja imeandikwa wati zake sandukuni kwa tarakimu kubwa. Bei huzungumzwa, mzigo hupakiwa juu ya pikipiki, na kabla ya jua kutua spika imekwisha kufungwa mashuani. Kwa wiki kadhaa muziki hulia vizuri. Kisha mambo matatu huweza kutokea. Sauti huanza kukwaruza; au betri hukosa nguvu ya kuwasha mashine alfajiri; au dira huanza kumdanganya nahodha, na hili ndilo baya kuliko yote kwa kuwa halina dalili ya kusikika.

Mambo hayo hayatokani na mkosi wala na ubovu wa duka. Chanzo chake kimo katika masomo ya fizikia na kemia ya shule za sekondari, na mwanafunzi anayeyafahamu vema anaweza kumwokolea mvuvi fedha nyingi, pengine na maisha pia.

Spika inavyofanya kazi

Spika ya kawaida tuijuayo ni ya aina iliyoelezwa mwaka 1925 na wahandisi wawili wa Marekani, Chester Rice na Edward Kellogg. Nyuma yake mna sumaku ya kudumu, kwa kawaida yenye umbo la pete nene nyeusi. Katikati ya pete hiyo mna mwanya mwembamba sana, na ndani ya mwanya huo huning'inia koili ya waya iliyogundishwa kwenye koni ya karatasi au ya plastiki. Mkondo wa umeme kutoka kwenye amplifaya unapopita katika koili, koili hugeuka kuwa sumaku. Husukumwa na kuvutwa na ile sumaku ya kudumu, na koni huenda mbele na nyuma pamoja nayo. Hewa hutikisika, nasi husikia sauti.

Katika maelezo hayo mafupi mna mambo mawili ya kukumbukwa hadi mwisho wa makala haya. La kwanza ni kwamba mwanya wa koili ni mwembamba mno, hivyo hauvumilii uchafu wala kutu. La pili ni kwamba hakuna spika ya namna hii isiyokuwa na sumaku, na sumaku hiyo haizimwi. Redio ikizimwa, sumaku ingali inafanya kazi yake usiku na mchana.

Adui wa kwanza: chumvi

Maji ya bahari yana chumvi kiasi cha gramu 35 katika kila kilo moja. Wimbi linapopiga ubavu wa mashua, matone madogo hurushwa hewani, maji hukauka, na chumvi hubaki juu ya kila kitu. Watu wengi hudhani kwamba hatari huisha maji yanapokauka. Sivyo. Chumvi ya bahari si ile ya mezani peke yake. Ndani yake mna pia kloridi ya magnesi, ambayo hufyonza unyevu wa hewa. Hewa ya pwani yetu ina unyevu mwingi, hasa usiku, na kwa hiyo spika iliyopakwa chumvi huwa imelowa hata kama haijaguswa na tone la maji kwa siku tatu.

Unyevu huo wenye chumvi hupitisha umeme, na hapo kemia huanza kazi. Pete nyeusi ya sumaku ya feraiti haipati kutu, kwa kuwa yenyewe ni oksidi ya chuma tangu mwanzo. Lakini sahani za chuma zilizoibana juu na chini hupata kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Hivyo mwanya hujaa polepole, koili husugua kuta zake, na mwenye mashua husema kwamba spika "inakwaruza". Sumaku ndogo za neodimi, zinazopatikana katika spika nyepesi za kisasa, huharibika upesi zaidi gamba lake la nikeli likipasuka. Tena skrubu ya chuma iliyopigwa katika fremu ya alumini hufanya seli ya umeme kamili, sawasawa na ile ya maabara: metali mbili tofauti ndani ya maji ya chumvi. Alumini ndiyo iliwayo, na baada ya msimu mmoja tundu la skrubu huwa pana kuliko skrubu yenyewe.

Kwa sababu hizo, mnunuzi aitazame spika kabla ya kuitazama bei. Koni iwe ya plastiki, si ya karatasi. Ukingo unaoishikilia koni uwe wa mpira, si wa sponji, kwa kuwa sponji huvunjika-vunjika katika joto na unyevu. Wavu wa mbele uwe wa plastiki ngumu au wa chuma kisichoshika kutu. Mafundi wa Gerezani hukiita stenlesi, na namba 316 ni bora baharini kuliko namba 304 kwa kuwa imetiwa molibdeni. Sumaku ndogo ya mkononi haitoshi kuthibitisha ubora huo, ingawa skrubu inayonaswa nayo kwa nguvu haifai kushukiwa kuwa stenlesi ya namba hizo.

Baadhi ya masanduku huandikwa herufi IP zikifuatwa na tarakimu mbili. Tarakimu ya pili ndiyo inayohusu maji: 5 ni kustahimili mchirizi wa maji, 7 ni kustahimili kuzamishwa kina cha mita 1 kwa nusu saa. Majaribio hayo hufanywa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, na tena kifaa kilichofaulu kuzamishwa si lazima kiwe kimejaribiwa kwa mchirizi. Jaribio linalofanana zaidi na hali ya bahari ni lile liitwalo ASTM B117, ambamo kifaa huwekwa ndani ya ukungu wa maji yenye chumvi asilimia 5 katika joto la nyuzi 35 za Sentigredi. Spika iliyopita jaribio hilo, tena ikawa imejaribiwa dhidi ya miale ya jua, ndiyo inayostahili kuitwa ya baharini. Bei yake ni kubwa. Kwa asiyeimudu, spika nzuri ya gari yenye koni ya plastiki, inayofutwa kila jioni kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi, hudumu kuliko spika ya fahari isiyofutwa kamwe.

Wati za sandukuni na wati za kweli

Hapa hapana budi kufanya hesabu. Betri ya mashua ni ya volti 12. Amplifaya ndogo ya redio ya gari, hata ikiwa imeundwa kwa namna bora zaidi, haiwezi kuitikisa spika kwa volti zaidi ya 12 kila upande. Volti 12 za kilele ni sawa na volti 8.5 za wastani wa kazi. Zipigwe kipeo cha pili, zigawanywe kwa ukinzani wa spika wa omu 4, nazo hutoa wati 18. Mashine ikiwa inazunguka na kuchaji, volti hupanda kufikia 14 hivi na wati hukaribia 25. Basi. Tarakimu 50 iliyochapwa usoni mwa redio ni ya kilele cha kufumba na kufumbua, na tarakimu 1000 ya sandukuni ni ya kuuzia. Wati 1000 zingehitaji ampea 83 kutoka katika betri ya volti 12, nao mkondo huo ungeyeyusha waya mwembamba uliomo sandukuni humo humo.

Ziko amplifaya kubwa zinazopandisha volti ndani yake na kutoa wati nyingi za kweli, lakini zote hula betri ile ile. Kwa hiyo tarakimu inayomfaa mwenye mashua si ya wati, bali ile inayoandikwa kwa maandishi madogo: desibeli zinazopatikana kwa wati 1 katika umbali wa mita 1. Kila nyongeza ya desibeli 3 ni sawa na kuzidisha nguvu mara mbili. Spika yenye desibeli 92 inayopewa wati 10 hulia kwa nguvu sawa na spika yenye desibeli 86 inayopewa wati 40. Kwa mtu wa nyumbani mwenye umeme wa ukutani tofauti hiyo si kitu. Kwa mtu aliyeko katikati ya mlango wa bahari, ni tofauti ya mashine kuwaka au kutowaka. Aliye na uwezo aweke betri mbili, moja ya mashine na nyingine ya muziki na taa, wala zisiunganishwe chombo kikiwa kimetia nanga.

Jambo jingine hushangaza watu. Spika iliyotia kishindo dukani huonekana dhaifu baharini. Dukani kuta, dari na masanduku hurudisha sauti kwa msikilizaji. Baharini hakuna kitu cha kuirudisha. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili sauti hupungua desibeli 6. Dawa yake si spika moja kubwa shetri, bali spika mbili au nne za kiasi, kila moja karibu na wasikilizaji wake. Fundi asisahau hesabu ya ukinzani: spika mbili za omu 4 zikiunganishwa sambamba hubaki omu 2, mkondo huongezeka maradufu, na amplifaya isiyoandaliwa kwa hilo huungua. Zikiunganishwa mfuatano huwa omu 8, na hapo hakuna hatari.

Dira na sumaku

Sasa tufikie lile ambalo halisemwi dukani. Dira ya mashua hufuata uga sumaku wa dunia, nao ni mdogo. Sehemu yake ya mlalo katika pwani ya Dar es Salaam ni kati ya mikrotesla 25 na 30. Sumaku ya spika ina nguvu nyingi mno kupita hiyo. Kinachomwokoa nahodha ni umbali peke yake, kwa kuwa uga wa sumaku ndogo hupungua kwa kipeo cha tatu cha umbali: umbali ukiongezwa mara mbili, uga hubaki sehemu moja kati ya nane.

Tuchukue mfano. Ikiwa spika iliyowekwa upande wa mashariki au magharibi wa dira, umbali wa sentimita 80, inaigeuza sindano kwa nyuzi 2, basi katika umbali wa sentimita 40 itaigeuza kwa nyuzi 15 au 16, na katika sentimita 20 kwa nyuzi zaidi ya 60. Jaribio hili lafaa sana kwa kidato cha tatu na cha nne. Wanafunzi wa Azania na wa Jangwani, shule zilizo jirani na Kariakoo, wanaweza kupata kwa mafundi spika zilizoungua koili. Sumaku yake ingali nzima. Waweke dira mezani mbali na vyuma, waisogeze spika hatua kwa hatua kwenye mstari wa mashariki na magharibi, waandike pembe kila mara, kisha wachore grafu ya tanjenti ya pembe dhidi ya kipeo cha tatu cha umbali kilichopinduliwa. Mstari utakaribia kunyooka, isipokuwa spika inapokuwa karibu mno, ambapo haiwezi tena kuhesabiwa kuwa ndogo.

Maana ya nyuzi hizo baharini ni hii. Kutoka Dar es Salaam hadi mji wa Zanzibar ni kiasi cha maili 40 za bahari, kuelekea kaskazini. Nahodha mwenye dira iliyopotoka nyuzi 10, akishika mwelekeo huo hadi mwisho, atakuwa pembeni mwa njia yake kwa maili 7 hivi. Mchana kweupe hilo halina neno, kwa kuwa ataiona nchi na kujisahihisha. Usiku wa mvua ya masika, upande wa mashariki wa njia hiyo ukiwa na visiwa vidogo na miamba ya kusini-magharibi mwa Unguja, maili 7 ni nyingi. Ni kweli kwamba siku hizi wengi hubeba simu yenye kupokea ishara za setilaiti. Lakini simu huisha chaji, nayo ikilowa hufa, na hapo ndipo mtu huirudia dira aliyoisahau pembeni mwa spika.

Si sumaku tu. Waya mmoja unaopitisha ampea 5, ukipita sentimita 20 kutoka kwenye dira, hutoa uga wa mikrotesla 5, na huo unatosha kuigeuza sindano kwa nyuzi 10 hivi. Kosa hili ni la hila zaidi, kwa kuwa huja na kuondoka kadiri redio inavyowashwa na kuzimwa. Waya wa kwenda na waya wa kurudi wa betri visokotwe pamoja kama kamba. Mikondo yao huelekea pande tofauti, na uga wa mmoja hufuta uga wa mwingine.

Kabla ya kutoboa tundu lolote, basi, mashua ifungwe gatini, nahodha asome dira, na msaidizi aishike spika mahali inapokusudiwa kufungwa, huku akiigeuza pande zote. Sindano ikisogea, mahali hapo hapafai. Yatosha kwa kawaida kukaa mita moja na nusu au zaidi, lakini dira yenyewe ndiyo hakimu.

Kufunga

Koni inapokwenda mbele husukuma hewa ya mbele na kuivuta ya nyuma. Spika ikiachwa wazi, hewa ya nyuma huzunguka ukingo na kuifuta ile ya mbele, hasa katika sauti nzito ambazo urefu wa wimbi lake ni mkubwa: sauti ya masafa ya hezi 100 ina wimbi la mita tatu na nusu hivi. Ndiyo sababu spika yahitaji sanduku, au ubao mpana wenye nafasi iliyofungwa nyuma yake. Katika boti za faibaglasi nafasi iliyo chini ya viti hutumika vizuri. Katika mashua za mbao ni heri kutengeneza sanduku dogo na kulifunga ndani, kuliko kuutoboa ubavu wa chombo. Ukuta unaotenganisha vyumba visivyopitisha maji usitobolewe kabisa, hata kama fundi anaahidi kuuziba.

Waya uwe wa shaba iliyopakwa bati, kwa kuwa shaba tupu huwa nyeusi ndani ya ganda lake na ukinzani huongezeka bila kuonekana. Unene nao una hesabu yake. Spika iliyo mita 6 kutoka kwenye amplifaya hutumia mita 12 za waya, kwenda na kurudi. Waya wa milimita moja na nusu za mraba una ukinzani wa omu 0.14 katika urefu huo, na ule wa nusu milimita ya mraba una omu 0.41, yaani sehemu ya kumi ya ukinzani wa spika yenyewe. Kabla waya haujaingia katika spika upewe mkunjo wa kushuka chini, ili maji yanayoutambaa yadondoke hapo badala ya kuingia ndani.

Fyuzi iwekwe karibu kabisa na betri, si karibu na redio. Wengi hugeuza jambo hili. Fyuzi hulinda ule waya ulio baada yake. Waya wa mita 5 ulio kabla ya fyuzi hauna mlinzi, na ukichubuka juu ya chuma, betri humwaga mkondo wake wote hapo. Katika chombo kinachotumia petroli amplifaya isiwekwe chini penye mashine wala karibu na ngama. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutulia chini, na cheche moja ya swichi inatosha.

Muziki na honi

Mlango wa bandari ya Dar es Salaam ni mwembamba. Meli kubwa huingia na kutoka, vivuko vya Kigamboni huukata toka ng'ambo hadi ng'ambo, na kati yao hupita ngalawa na boti za samaki. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972 zinaagiza, katika kanuni ya 5, kwamba kila chombo kiwe na uangalizi wa macho na wa masikio wakati wote. Masikio yametajwa kwa makusudi. Mlio mmoja mfupi wa honi humaanisha kwamba chombo kinageuka kulia, miwili kushoto, na mitano au zaidi kwamba hakielewi mwenzake anakusudia nini. Nahodha aliyekaa chini ya spika hasikii hata mmoja.

Kwa bahati njema, mahitaji ya masikio na ya dira yanakubaliana: spika zikae mbali na usukani na zielekezwe kwa abiria. Zikisha kufungwa, chombo kikiwa bado gatini, mashine iwashwe, nahodha akae mahali pake, na muziki upandishwe hadi kiwango kinachopendwa. Mtu mwingine apige honi kutoka katika chombo kilicho mbali, ng'ambo ya maji. Asiposikika, muziki upunguzwe kidogo kidogo hadi asikike, na mahali hapo kwenye kitufe cha sauti patiwe alama ya rangi isiyofutika, ili yeyote atakayeshika redio ajue asipite hapo.